Kasri la Versailles: yanayosemwa na yaliyo kweli

Wengi huamini kwamba Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, alianza kasri la Versailles, karibu na Paris, kwenye kiwanja kitupu. Sivyo. Baba yake, Louis XIII, alikuwa na nyumba ya mawindo hapo tangu 1623, akaijenga upya miaka ya 1631 hadi 1634. Mwana hakuibomoa. Wasanifu wake, Louis Le Vau kisha Jules Hardouin-Mansart, waliizungushia majengo makubwa zaidi, na hadi leo imo katikati ya kasri, inatazama ua wa marumaru.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni ya bustani: eti chemchemi zilirusha maji kutwa kucha. Ukweli ni kwamba Versailles haina mto mkubwa karibu, na maji yalikuwa shida tangu mwanzo. Mfalme alipotembea bustanini, mafundi walipigiana miluzi: chemchemi anayoikaribia ifunguliwe, aliyoipita ifungwe. Mwaka 1684 ikakamilika mashine ya Marly, magurudumu 14 ya mbao ndani ya mto Seine, kila moja na kipenyo cha mita 12 hivi, yakisukuma maji mlimani zaidi ya mita 150. Bado hayakutosha! Mwaka uliofuata maelfu ya askari walipelekwa kuchimba mfereji wa kuleta maji ya mto Eure. Wengi walikufa kwa homa, vita vikasimamisha kazi mwaka 1688, na tone la Eure halikufika. Matao ya daraja lililokusudiwa kupitisha maji hayo yangali yamesimama katika mji wa Maintenon. Anayeisifu bustani hii bila kuwataja askari hao hajawatendea haki.

Vioo 357 vya Ukumbi wa Vioo, ukumbi maarufu wa kasri hili, navyo hudhaniwa vilitoka Venice. Vilitengenezwa Ufaransa, na kiwanda kilichoanzishwa mwaka 1665 makusudi kuvunja ukiritimba wa Venice.

Miti je? Michache mno iliwahi kumwona Louis XIV. Louis XVI aliamuru bustani ipandwe upya mara tu alipotawala, na tufani ya Desemba 1999 iliangusha maelfu mengine. Kilichodumu ni ramani ya André Le Nôtre, msanifu wa bustani wa Louis XIV.

Tena raia hawakufungiwa nje. Aliyevaa kwa heshima aliingia, hata akamtazama mfalme akila. Mwanamume alitakiwa awe na kofia na upanga. Asiye na upanga alikodi langoni.