Kutangaza chai, viatu na ufundi Njombe msimu wa baridi

Kazi yangu ni kuwaandalia wafanyabiashara wadogo matangazo, na kila ikifika Mei wateja wangu wa Njombe hupiga na ombi lile lile: tuandikie kitu kitamu kuhusu baridi. Baridi ya Njombe haihitaji mwandishi. Mji uko kwenye mita kama 2,000 juu ya usawa wa bahari, na alfajiri ya Juni au Julai kila mtu anaijua kabla hajatia mguu nje. Asichokijua mteja ni bidhaa ipo wapi, inauzwa bei gani, na unafungua saa ngapi. Matangazo mengi ninayoletewa nirekebishe yana sifa mistari sita, bei hamna.

Tuanze na chai. Luponde, Kibena na Lupembe kote inalimwa, kwa hiyo kumwambia mtu wa Njombe kwamba chai ni nzuri ni kupoteza wino. Mwonjeshe. Weka birika stendi saa kumi na mbili asubuhi, abiria wa Makambako na Songea wakiwa wanasubiri gari mikono kwapani, mimina vikombe vidogo, pakiti ziwe pembeni na bei imeandikwa kwa herufi kubwa. Chagua majani laini kwa ajili ya kuonjesha. Kwa mwinuko ule maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi, si 100, na majani makubwa yakimwagiwa maji tu hukawia kutoa rangi. Mtu akiona kikombe kimepauka hanunui. Au fanya kama nyumbani, chemsha kwenye sufuria. Halafu nenda ukaangalie pakiti zako zimepangwa wapi dukani, maana chai hunyonya harufu upesi na wenye maduka wanapenda kuiweka jirani na sabuni ya unga. Na tafadhali, usiandike kwamba inatibu kifua. Chai inapasha mwili moto, hilo linatosha.

Viatu vina hesabu nyingine. Chai mtu hununua kila wiki, kiatu cha baridi pengine mara moja kwa msimu, na akishanunua kwa mwingine umemkosa mpaka mwakani. Ndiyo maana nasema anza Mei, wakati watu bado wanavaa ndala na soksi wakijidanganya. Gambuti usizichanganye humo: hizo ni za mvua, na mvua ya Njombe huanza karibu na Novemba ikaisha Aprili au Mei. Msimu wa baridi ardhi ni kavu, anachotafuta mtu ni kiatu kilichofunika mguu, chenye soli nene. Kwenye tangazo andika namba ulizonazo, 39 mpaka 43 kwa mfano, na umkumbushe mteja aje na soksi nzito atakayovaa, la sivyo kiatu kitambana.

Hapa wauza mtumba nawaomba tusikilizane. Kuna buti za Ulaya zenye soli nyepesi ya povu. Zikikaa stoo miaka, unyevunyevu huila ile soli kutoka ndani. Kwa macho ni mpya, ikitembelewa kidogo inamung'unyuka. Kabla hujazitangaza, ikunje soli kwa nguvu na uibonyeze kwa ukucha. Ikitoa ufa au unga, iondoe mezani. Mji ni mdogo, na mteja aliyeachwa peku sokoni hutangaza kuliko spika yako.

Fundi viatu yeye hahitaji hata bango. Hakuna anayemkumbuka mpaka soli ibanduke, kwa hiyo namba yake ya simu iwe mahali itakapoonekana siku hiyo: ndani ya boksi la kiatu. Muuza viatu na fundi wakipatana, kila boksi linatoka na kikaratasi cha fundi, na fundi naye anawaelekeza wenye viatu visivyoshoneka tena waende kwa muuzaji. Vivyo hivyo kwa wafumaji wa masweta na watengeneza majiko.

Gari la matangazo sikatazi, ila ulizia kibali halmashauri kwanza, na lisipite karibu na kanisa Jumapili asubuhi. Mpe mtangazaji maneno yasiyozidi pumzi mbili, maana gari linatembea na anayesikia amesimama: jina la duka, mtaa, bei, basi.