Walioanzisha Vita na Waliovimaliza

Mwanafunzi wa historia anayejiandaa kwa mtihani hukariri vita pamoja na majina ya wakubwa wake: Napoleon na Waterloo, Wilhelm II na Vita vya Kwanza vya Dunia, Hitler na vile vya Pili. Njia hiyo husaidia kumbukumbu, nasi tunaofundisha historia kwa umma huitumia pia, lakini ina kasoro moja kubwa, nayo ni kumfanya msomaji adhani kwamba kila vita vilikuwa na mwenyewe aliyevishika tangu risasi ya kwanza hadi siku ya kutia saini. Ukichukua karatasi ukaandika upande mmoja waliokuwa madarakani siku vita vilipoanza, na upande wa pili waliokuwa madarakani siku vilipokwisha, utaona kwamba majina yanayojirudia ni machache mno, na katika tofauti ya orodha hizo mbili ndimo ilimofichika sehemu kubwa ya historia ya vita vyenyewe.

Tuanze na mwaka 1914. Tarehe 28 Juni, mjini Sarajevo, kijana Mserbia wa Bosnia aitwaye Gavrilo Princip alimpiga risasi na kumuua Franz Ferdinand, mrithi wa kiti cha enzi cha Austria-Hungaria, pamoja na mkewe Sophie. Mwanzo wa ngoma ni lele: mwezi mmoja baadaye, tarehe 28 Julai, Austria-Hungaria iliitangazia Serbia vita, na kwa kuwa Urusi ilisimama na Serbia, Ujerumani ikasimama na Austria-Hungaria, na Ufaransa ilikuwa na mkataba na Urusi, moto ulienea Ulaya kwa siku chache tu. Uingereza iliingia tarehe 4 Agosti, baada ya majeshi ya Ujerumani kuivamia Ubelgiji.

Mfalme Franz Joseph, ambaye tangazo lile la kwanza lilitolewa kwa jina lake, alikuwa na umri wa miaka 83 na alikuwa ametawala tangu 1848. Alifariki Novemba 1916, vita vikiwa bado vimepamba moto, akamwachia Karl I dola iliyokwisha kuanza kupasuka. Nchini Urusi, Tsar Nicholas II alifanya mwaka 1915 uamuzi ambao kwa maoni yangu ndio uliomgharimu zaidi: alimwondoa ndugu yake wa ukoo aliyekuwa akiongoza majeshi, akajitwalia ukamanda mkuu na kwenda kukaa kambini. Tangu hapo kila kushindwa kulihesabiwa kuwa kwake. Machi 1917 aliachia kiti cha enzi. Serikali ya mpito iliyomfuata iling'ang'ania vita nayo ikaangushwa kabla mwaka haujaisha, na hatimaye aliyeitoa Urusi vitani kwa Mkataba wa Brest-Litovsk, Machi 1918, ni Lenin, mtu ambaye vita vilipoanza alikuwa akiishi uhamishoni.

Uingereza ilimbadilisha waziri mkuu Asquith kwa Lloyd George Desemba 1916. Ufaransa ilipitisha mawaziri wakuu wanne kabla ya kumkabidhi uongozi Clemenceau, mzee wa miaka 76, Novemba 1917. Ndiyo maana viongozi walipokutana Paris mwaka 1919 kuandika masharti ya amani, kati ya wale wakubwa wanne, yaani Clemenceau, Lloyd George, Orlando wa Italia na Wilson wa Marekani, ni Wilson peke yake aliyekuwa akiongoza serikali mwaka 1914, na nchi yake wakati huo haikuwa vitani kabisa. Iliingia Aprili 1917.

Lakini jambo lililoacha kovu refu zaidi lilitokea upande wa walioshindwa. Tangu Agosti 1916 mamlaka halisi ya kuendesha vita nchini Ujerumani yalikuwa yamehamia kwa majenerali wawili, Hindenburg na Ludendorff, na Mfalme Wilhelm II alibaki zaidi kuwa kivuli. Majeshi yao yalipozidiwa mwishoni mwa Septemba 1918, Ludendorff mwenyewe ndiye aliyeshikilia kwamba serikali iombe kusitishwa kwa mapigano. Hata hivyo ujumbe uliokwenda kwenye behewa la treni katika msitu wa Compiègne, ambamo Marshali Foch wa Ufaransa aliwasubiri kwa niaba ya washirika, uliongozwa na mwanasiasa wa kiraia, Matthias Erzberger. Wilhelm aliondolewa madarakani tarehe 9 Novemba na kukimbilia Uholanzi, na tarehe 11 Erzberger akatia saini. Hivyo jina lililobaki kwenye karatasi ya kushindwa halikuwa la yeyote kati ya wale walioshindwa vitani, na haikuchukua muda kabla ya kuzuka uongo kwamba jeshi halikushindwa bali lilichomwa kisu mgongoni na wanasiasa wa nyumbani. Erzberger aliuawa na wazalendo wenye msimamo mkali mwaka 1921, na uongo huo ukawa mtaji wa Hitler.

Washirika wa Vita vya Pili vya Dunia hawakuyasahau hayo. Januari 1943, huko Casablanca, Roosevelt wa Marekani na Churchill wa Uingereza walitangaza kwamba watakubali tu kusalimu amri bila masharti, na Mei 1945 walioketi mezani kutia saini walikuwa maofisa wa jeshi la Ujerumani wenyewe: Jodl mjini Reims tarehe 7, kisha Keitel mjini Berlin siku iliyofuata.

Vita hivyo vya pili navyo vilibadilisha mikono. Uingereza iliingia vitani Septemba 1939 chini ya Chamberlain, ambaye alijiuzulu tarehe 10 Mei 1940, siku ileile Ujerumani ilipoanza kuzishambulia Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa. Churchill akashika nafasi. Ufaransa ilipata waziri mkuu mpya, Pétain, Juni mwaka huohuo, ambaye mara moja aliomba mapigano yasitishwe, wakati de Gaulle, jenerali ambaye wengi hawakumjua, alikataa na kuhutubia kwa redio kutoka London.

Majira ya kuchipua ya 1945 yanastahili kusomwa siku kwa siku. Roosevelt alifariki tarehe 12 Aprili. Mussolini aliuawa tarehe 28, na Hitler akajiua tarehe 30. Truman, aliyekuwa makamu wa rais kwa muda usiofika miezi mitatu, alielezwa kwa ukamilifu mradi wa bomu la atomiki baada tu ya kuwa rais, na bado ndiye ambaye chini ya mamlaka yake Hiroshima na Nagasaki zilipigwa mwezi Agosti. Kwenye mkutano wa Potsdam, Julai, Churchill alifika kama waziri mkuu, akarudi nyumbani kusikiliza matokeo ya uchaguzi, na kiti chake kikaliwa na Attlee. Kati ya wakubwa watatu waliokutana Yalta mwezi Februari, alibaki Stalin wa Umoja wa Kisovieti tu.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba kuondoka kwa aliyeanzisha vita huleta amani. Tojo, waziri mkuu wa Japani ambaye serikali yake iliishambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani, Desemba 1941, alijiuzulu Julai 1944 baada ya Japani kupoteza kisiwa cha Saipan, lakini vita viliendelea kwa zaidi ya mwaka mzima chini ya mawaziri wakuu wengine wawili, hadi Mfalme Hirohito alipotangaza kwa redio kusalimu amri tarehe 15 Agosti 1945.

Kinyume chake ni Lincoln, rais wa Marekani katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865. Yeye hakubadilishwa, alibadilisha majenerali. McClellan, Burnside na Hooker walikabidhiwa jeshi mmoja baada ya mwingine wakaondolewa, mpaka Machi 1864 alipompata Grant. McClellan aligombea urais dhidi yake Novemba mwaka huohuo, akashindwa. Lincoln aliishi kuona Jenerali Lee wa majimbo ya Kusini yaliyojitenga akisalimu amri tarehe 9 Aprili 1865, na siku tano baadaye alipigwa risasi.

Mfano wa mwisho ni Korea. Vita vilianza tarehe 25 Juni 1950. Truman alimfukuza kamanda wake, MacArthur, Aprili 1951; Eisenhower alichukua urais Januari 1953; Stalin, aliyekuwa ameridhia shambulio la Kim Il Sung, kiongozi wa Korea ya Kaskazini, alifariki Machi. Mapigano yalisitishwa Panmunjom tarehe 27 Julai 1953, na Syngman Rhee wa Korea ya Kusini alikataa serikali yake itie saini. Rhee alifariki mwaka 1965 na Kim mwaka 1994. Mkataba wa amani wa vita hivyo haujatiwa saini hadi leo.