Je, wajua kwa nini nyasi bandia huvimba kama godoro kwenye udongo wa Bukavu?

Mvua ya Novemba ikipiga kwa saa moja, zulia la kijani lililotandikwa mbele ya nyumba ya mtaa wa Muhumba au Nguba linaweza kuinuka katikati. Ukilikanyaga, mguu unabonyea na maji yanachuruzika pembeni. Mwenye nyumba hulaumu nyasi. Mara nyingi hazina kosa, maana zina vitundu vya kupitisha maji mgongoni. Kosa liko chini yake, ambako maji hayakupewa njia.

Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo kuliko milimita 0.002, na zikishikana huacha nafasi finyu mno. Udongo wa namna hiyo hunywa kati ya milimita 1 na 5 za maji kwa saa. Mchanga hunywa zaidi ya 30. Chukua uwanja wa mita za mraba 50 na mvua ya milimita 30 ndani ya saa moja: hizo ni lita 1,500. Udongo ukinywa milimita 5, yaani lita 250, zinabaki lita 1,250 zikitafuta pa kwenda.

Mtu atasema: mbona shamba la ndizi la jirani, lenye udongo uleule mwekundu, halituami maji? Kwa sababu pale udongo una chengachenga, mizizi na mashimo ya minyoo. Kujenga Bukavu ni kukata kilima. Udongo wa juu unaondoka, mafundi na malori wanakanyaga kilichobaki, na unachokuta mwishoni ni mfinyanzi laini uliofungwa. (Goma shida ni kinyume: juu ya lava ya Nyiragongo maji hupotea kwenye nyufa, na kazi kubwa ni kusawazisha mawe.)

Kabla ya kununua chochote, pima parseli yako. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, liache usiku kucha. Asubuhi lijaze tena na uweke kijiti chenye alama. Maji yakishuka chini ya sentimita 2.5 kwa saa, usitegemee ardhi iyanywe. Yatolewe kwa bomba.

Kosa linaloharibu viwanja vingi ni kutandika bashi la plastiki chini ya nyasi ili kuzuia magugu. Bashi hugeuza uwanja kuwa beseni, na kwenye mteremko zulia huteleza juu yake. Kinachotakiwa ni jiotekstili, kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Bila hicho, kila hatua ya mtu husukuma tope jekundu kupanda kati ya kokoto, na baada ya misimu michache ya mvua kokoto zimemezwa.

Kazi ya udongo ifanywe kati ya Juni na Agosti. Mfinyanzi mbichi ukikanyagwa huacha nyayo, na kila unyayo ni kibakuli cha maji. Chimba sentimita 13 na uache mteremko wa sentimita 1.5 hadi 2 kwa kila mita, ukielekea mbali na nyumba. Nivo, yaani usawa, ipimwe juu ya udongo wenyewe. Wengi husawazisha kokoto tu huku mfinyanzi wa chini ukiwa na mabonde, na maji hufuata mfinyanzi.

Upande wa chini chimba mtaro wa upana wa sentimita 20 na kina cha 30, ushuke angalau sentimita 1 kwa mita. Tandika jiotekstili juu ya udongo wote na ndani ya mtaro, vipande vikilaliana sentimita 30. Kwenye mtaro laza bomba la milimita 100 lenye matundu, matundu yakitazama chini, kisha lifunike kwa kokoto. Juu ya uwanja mwaga sentimita 10 za kokoto za milimita 10 hadi 20 katika tabaka mbili, kila moja ikishindiliwa peke yake, halafu sentimita 3 za changarawe ya milimita 2 hadi 6. Kokoto ziwe za kupasuliwa, kama zile zinazopasuliwa kwa nyundo mjini, lakini zichekechwe kwanza kuondoa vumbi. Za mtoni, za mviringo, hubiringika kama maharage chini ya mguu. Na mchanga usimwagwe moja kwa moja juu ya kokoto kubwa: huzama, na uwanja hufanya mashimo.

Kwa mita za mraba 50 andaa mita za ujazo 6 za kokoto, 1.8 za changarawe, na jiotekstili ya karibu mita za mraba 65. Udongo utakaotoka, ukishalegea, utafika mita za ujazo 8. Usiutupe kwenye korongo wala kwenye kanivo, yaani mfereji wa maji ya mvua. Mvua itaurudisha kwa watu wa chini.

Uwanja uliosawazishwa ubavuni mwa mlima una nusu iliyokatwa na nusu iliyojazwa. Ile iliyojazwa hushuka, na mstari wa mpaka huonekana juu ya nyasi kama ngazi. Jaza kwa tabaka za sentimita 15, shindilia kila moja, na ukiweza subiri msimu mmoja wa mvua.

Kutandika nyasi ni sehemu nyepesi. Fungua roli, uziache juani kwa muda wa saa mbili zilegee, nyuzi zote zilale upande mmoja, mishono ishuke na mteremko. Misumari haishiki vizuri kwenye kokoto, kwa hiyo gundisha kingo kwenye boda ya zege, uache matundu upande wa chini ili boda isiwe bwawa.

Bomba liishie kwenye kanivo, kamwe nyuma ya ukuta wa kuzuia udongo wala kwenye shimo la kunyonya maji. Bukavu jirani wa chini yuko chini kwelikweli. Pale mtaa wa Funu mlima unatembea polepole, na utafiti uliochapishwa mwaka 2022 uliihusisha kasi yake na jinsi mji ulivyojengwa juu yake. Sehemu kama hiyo haihitaji tone moja zaidi ndani ya ardhi.

Mvua kubwa ya kwanza ya Septemba, nenda ukaangalie mdomo wa bomba. Maji ya kijivu ni vumbi la kokoto, yatasafika. Yakiendelea kutoka mekundu, jiotekstili imepasuka au imeachana mahali. Funua upande huo na uweke kiraka kabla udongo haujajaza bomba.