Kufunga duka la vitabu Lamu

Duka la vitabu la mji mdogo huishi kwa vitabu vya shule. Diwani za mashairi, tamthilia, historia ya pwani na kamusi nzuri hukaa rafuni kwa sababu Januari wazazi walikuja na orodha mkononi, wakanunua madaftari na vitabu vya hesabu. Naanza na hilo maana tangu nibandike tangazo la kufunga, watu wananiambia mlangoni kwamba simu zimeua vitabu. Sikubaliani nao. Lamu bado watu wanasoma. Kilichofunga duka ni hesabu, na nataka kuieleza wazi kwa sababu kuna kijana wa Mkomani anayefikiria kufungua lake.

Muuza vitabu hupata punguzo kwa mchapishaji, na punguzo hilo ndilo riziki yake yote. Tuseme kitabu kinauzwa shilingi 600 na mchapishaji amenikatia robo. Nalipa 450, inabaki 150. Ndani ya hiyo 150 mna nauli ya katoni kutoka Nairobi mpaka Mokowe, mna boti ya kuvukia, mna ujira wa hamali au wa mwenye punda kutoka gatini mpaka Usita wa Mui, njia kuu ya mji wetu, kwa kuwa vichochoro vyetu havipitishi gari. Bado kodi ya chumba, leseni ya kaunti na umeme. Karatasi ni mzigo mzito kuliko watu wanavyodhani. Katoni ya kamusi humtoa jasho hamali aliyezoea magunia ya mchele. Na bei siwezi kuipandisha, maana kila mzazi ana jamaa Mombasa, na kwa simu moja ataletewa kitabu kutoka huko.

Septemba 2013 vitabu vilianza kutozwa kodi ya ongezeko la thamani, VAT, ya asilimia 16. Cha 600 kikawa 696, na familia yenye watoto watatu ikaanza kununua nakala moja ya kupokezana. Mwaka uliofuata, baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya mwezi Juni, ikaja kafyu, wageni wakaadimika, na rafu ya vitabu vya historia na nyumba za kale, ambayo wao ndio waliokuwa wakiinunua sana, ikalala. Hayo mawili tuliyavuka.

Lililobadilisha duka kabisa lilikuja Januari 2018. Kabla ya hapo shule ya umma ilipewa fedha, walimu wakachagua vitabu kwenye orodha iliyoidhinishwa, kisha wakaja kununua kwetu. Tangu wakati huo serikali ikawa inanunua kwa wachapishaji na kuvipeleka shuleni moja kwa moja. Mtoto wa Faza au Kiunga aliyekuwa akichungulia kitabu kimoja na wenzake sasa anaweza kushika chake, na hilo nalifurahia kwa moyo wote. Naamini lakini kwamba vitabu hivyohivyo vingeweza kupita katika maduka ya miji midogo, kwa bei ileile ya serikali na ujira mdogo wa kuvisambaza, na mtoto angevipata vilevile. Haikuwa hivyo. Mauzo yaliyokuwa yakilipia rafu za mashairi yakaondoka kwa msimu mmoja.

Tukabaki na shule za binafsi, vitabu vya marudio, vitabu vya madrasa, na vitabu teule vya fasihi, yaani vile vinavyotahiniwa sekondari. Hivi vya mwisho vina ujuzi wake. Orodha hubadilishwa kila baada ya miaka kadhaa, na siku inapobadilika soko la kitabu hukatika. Ilipoingia Chozi la Heri na Kigogo, Kidagaa Kimemwozea na Mstahiki Meya zilipoa palepale. Kidagaa ni riwaya ambayo ningempa mtu yeyote aisome kwa raha yake, lakini mtahiniwa hanunui kisichotahiniwa. Kwa hiyo mwaka wa mwisho wa orodha huagizi katoni. Unaagiza nakala chache chache, hata kama nauli ya kila nakala inapanda. Nakala iliyokwama ni hela iliyokwama, na ukitaka kuirudisha, mchapishaji huikagua kwanza. Ikiwa na doa, ni yako.

Na doa Lamu halikosekani. Karatasi hunywa unyevu wa hewani, na unyevu ukikaa juu ya asilimia 65 au 70 kwa siku nyingi, kuvu huota. Hapa kwetu, mvua za Aprili na Mei zikishika, hewa hupita kiwango hicho bila taabu. Nyumba ya mawe ya matumbawe iliyopigwa chokaa hupumua: unyevu huingia na hutoka. Mtu akiisiriba kwa saruji, maji na chumvi hubaki ndani ya ukuta, na rafu iliyogusana nao huota kuvu kwa nyuma, mahali ambapo jicho halifiki. Rafu zangu zote zilisimama mbali na ukuta kiasi cha mkono kupita. Vitabu havikubanwa, ili hewa ipite kati yake. Havikufunikwa kwa nailoni, kwa sababu nailoni hufungia unyevu ndani. Nyuma ya kila safu niliweka majani makavu ya mwarobaini kwa ajili ya wadudu, na kuyabadilisha yalipopoteza ukali wake.

Kaskazi ikivuma na hewa ikikauka, ndipo kazi kubwa. Kila kitabu hutolewa, hupanguswa kwa kitambaa kikavu, hufunguliwa kurasa na kusimamishwa kivulini penye upepo. Jua kali halifai kabisa. Hufubaza jalada na kukausha gundi. Gundi ndiyo inayonisikitisha zaidi katika uchapishaji wa siku hizi. Vitabu vingi hugundishwa mgongoni bila kushonwa, na baada ya miezi ya joto la Februari na Machi gundi huwa kavu, ikakatika. Mwanafunzi anakifungua mara chache tu, kurasa zinamwagika. Kilichoshonwa kwa uzi huishi. Siyu, kule kisiwa cha Pate, palisifika kwa kunakili misahafu kwa mkono, na baadhi ya misahafu hiyo ipo mpaka leo, imepita katika hewa hiihii yetu. Ukipata chapa mbili za kitabu kimoja, ongeza hela uchukue iliyoshonwa.

Kuna kazi nyingine ambayo mteja haioni, nayo ni daftari la maagizo. Mtu huja kutafuta kitabu ambacho hakipo sokoni, unaandika jina lake, anachotaka, na aliyekuambia huenda kinapatikana wapi. Katika mji huu maagizo mengi ni ya tungo zetu wenyewe. Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa 1858, na kuna akina mama Lamu walioshika beti zake kwa moyo, ila wakitaka nakala iliyochapishwa vizuri ya kumpa binti anayeolewa, ni kuzunguka. Al-Inkishafi vilevile. Vitabu hivi huchapwa kidogo, vikaisha, vikakaa miaka bila kuchapwa tena. Muuza vitabu anayejua kazi yake hufuatilia: anapiga simu Mombasa na Nairobi, anauliza kwa wauzaji wa mitumba, na anakumbuka. Mzee mmoja alikuwa akipita na kuuliza kutoka barazani, "Mwanangu, chuo changu kimekuya?" Chuo kwetu ni kitabu. Nami namjibu, "Bado ami, lakini nimesikia kuna nakala Mombasa, naifuata." Nakala hiyo ilipatikana. Nimeifanya kazi hii kwa mapenzi makubwa, na kuiacha kunaniuma kuliko kuacha chumba chenyewe.

Sasa kufunga. Niliamua wakati bado naweza kumlipa kila ninayedaiwa naye, na hilo ndilo ningesisitiza kwa yeyote anayeona duka lake linayumba. Jambo la kwanza ni kusimamisha maagizo mapya. La pili ni kutenga mali kauli, yaani vitabu ambavyo ni vya mchapishaji mpaka viuzwe. Hivyo havihesabiwi katika mali yako wala haviuzwi kwa bei ya kufunga bila ruhusa yake. Nilivikagua, nikavifunga na kuvirudisha vikiwa safi. Kisha nikafuata madeni ya shule, kwa upole na kwa barua, maana walimu wanaobadilishwa vituo huondoka na kumbukumbu za deni.

Punguzo nililitoa kwa mpangilio. Vitabu teule na vya marudio vilishushwa bei mapema, muhula unapoanza, kwa kuwa thamani yake ina mwisho. Kamusi hazikuguswa, kamusi nzuri huuzika mwaka wowote. Vitabu vya madrasa amevichukua kwa jumla mwenzangu mwenye duka karibu na Mkunguni, anayevijua na mwenye wateja wake. Vya watoto wadogo nimevigawa kwa maktaba za shule za visiwani, nikichagua vyenye mgongo imara. Daftari la maagizo nimelinakili upya kwa mwandiko unaosomeka, nikawauliza waliomo kama wanaridhia majina yao yapewe kijana huyo niliyemtaja. Wengi wameridhia, na jioni mbili tatu tumekaa naye nikimwonyesha nani anatafuta nini na kwa muda gani.

Zimebaki rafu mbili, ya diwani na ya historia ya pwani. Amekuja mnunuzi kutaka kuzichukua zote kwa mkupuo, na bei yake ilikuwa nzuri. Nimemkatalia. Vitabu hivyo vilikusanywa kimoja kimoja kwa ajili ya watu wa hapa, na mpaka muhula uishe vitauzwa kimoja kimoja, asubuhi na baada ya swala ya alasiri. Njooni mchague. Mwenye agizo lililofika alichukue, na asiye na hela kamili tuzungumze.