Utaifa wa tabianchi katika kampeni za uchaguzi

Utaifa wa tabianchi ni matumizi ya sera za mazingira, kwa kuzipinga au kwa kuzikumbatia, ili kumshawishi mpiga kura kwamba taifa lake linaamriwa na watu wasioijua hali yake. Mwanasiasa wa mrengo huu halazimiki kukana kwamba dunia inazidi kupata joto. Humfaa zaidi kuuondoa mjadala kwenye hewa ukaa na kuupeleka kwenye suala la nani anaamua na nani analipa.

Mfano ulio wazi ni Ujerumani ya mwaka 2023. Robert Habeck wa chama cha Kijani, aliyekuwa Waziri wa Uchumi na Tabianchi, aliandaa mswada uliotaka mitambo mipya ya kupasha nyumba joto itumie angalau asilimia 65 ya nishati jadidifu. Mitambo ya gesi na mafuta iliyokuwa ikifanya kazi haikupigwa marufuku, ila rasimu ilivuja kabla ruzuku haijaelezwa, na hapo serikali ilijitakia yenyewe. Chama cha AfD, cha mrengo mkali wa kulia, kiliugeuza mswada huo kuwa hoja ya wakubwa wa Berlin kuingilia nyumba za watu. Mwezi Juni mgombea wake, Robert Sesselmann, alishinda ukuu wa wilaya ya Sonneberg, jimboni Thuringia, nafasi ambayo chama hicho hakikuwahi kuipata popote nchini, baada ya kampeni iliyogusia sana mambo ya kitaifa, suala la joto la nyumbani likiwamo. Mkuu wa wilaya, kwa kweli, hana uwezo wa kubadili hata kifungu kimoja cha sheria ya shirikisho.

Mbinu hii hushika kwa sababu gharama ya sera huonekana leo, katika nyumba ya mtu mmoja, ilhali faida yake huja polepole na kugawanywa duniani kote, hata kwa mataifa yasiyogharamia chochote.

Upande wa kuzikumbatia sera za mazingira husahauliwa mara nyingi. Nchini Ufaransa, Jordan Bardella wa National Rally, chama cha mrengo mkali wa kulia, alidai mwaka 2019 kwamba mipaka ndiyo rafiki mkubwa wa mazingira, hoja iliyounganisha upingaji wa biashara huria na uhamiaji katika vazi la kijani. Hata hivyo, mwaka 2022 Marine Le Pen, mgombea urais wa chama hicho hicho, aliahidi kuing'oa mitambo ya umeme wa upepo na kujenga vinu vipya vya nyuklia.