Mchoro wa Propela ya Nyambizi Unahitaji Kibali, Hata Ukiwa Kwenye Simu

Tunapokea maswali mengi kutoka kwa wasemaji wa Kiswahili walioajiriwa kwenye karakana za chuma na uwakala wa mizigo hapa Marekani. Linalojirudia ni hili: propela inafichwa ya nini, ilhali mwaka 2007 nyambizi ya kivita ya Marekani, ya aina iitwayo Ohio, ilionekana ikiwa chelezoni Bangor, jimbo la Washington, propela ikiwa wazi, kwenye ramani za mtandaoni?

Picha ile haikufuta sheria yoyote ya kuuza vifaa na michoro nje ya nchi. Jicho huona mapanga na yalivyopinda, vipimo halivioni. Propela ikizunguka kwa kasi, mgandamizo wa maji kwenye mapanga hushuka mpaka maji yanachemka bila moto na kutoa viputo. Viputo hivyo vikivunjika hupiga kelele, na sona ya adui, yaani chombo cha kusikiliza sauti majini, huzisikia. Anayejua namna ya kulipinda panga ili viputo vichelewe ameificha nyambizi nzima. Ila kujua peke yake hakutoshi, sharti awe na mashine ya kulikata umbo hilo bila kukosea.

Toshiba Machine ya Japani iliwauzia Wasovieti mashine za namna hiyo, zenye uwezo wa kusogea kwa njia tisa tofauti, zikafika Leningrad miaka ya 1980 zikiwa na mitambo ya kuziongoza ya kampuni ya Kongsberg ya Norway. Ombi la kibali cha kuziuza nje lilizitaja kama mashine za kawaida. Siri ikatobolewa na mfanyakazi wa kampuni ya biashara iliyohusika, na mwaka 1987 mwenyekiti na rais wa kampuni mama, Toshiba, wakajiuzulu. Hakuna propela hata moja iliyosafirishwa. Kwa hiyo tafadhali, msituambie tena kwamba "nilituma faili tu."

Utaratibu ni huu. Vifaa na michoro iliyobuniwa mahsusi kwa nyambizi za kivita imo kwenye orodha ya silaha, na kibali hutolewa na Wizara ya Mambo ya Nje. Mashine za kukatia chuma zenye matumizi ya kiraia na ya kijeshi ziko chini ya Wizara ya Biashara. Kibali hutangulia, mzigo hufuata. Kumbukumbu hutunzwa miaka 5. Kutuma mchoro ng'ambo kwa WhatsApp ni kuuza nje. Kumwonyesha mwenzako mwenye viza ya mwanafunzi, hata mkiwa meza moja hapa hapa Marekani, nako kunahesabiwa hivyo. Mwenye green card hahesabiwi mgeni katika hili.

Adhabu ya jinai hufikia kifungo cha miaka 20 na faini ya dola milioni 1 kwa kila kosa. Kutojua kunaweza kukuepusha na kesi ya jinai, lakini faini ya kiraia bado inaweza kukufika. Maelezo haya ni ya jumla, na kila shauri huamuliwa kivyake.

Kama umeshatuma, usifute kitu. Simamisha kila kinachoendelea, kisha mweleze afisa wa kampuni yako anayesimamia ufuataji wa sheria hizi ili taarifa ya hiari ipelekwe serikalini mapema. Kujitokeza mwenyewe huzingatiwa adhabu inapopangwa.