Gorila hayuko Rungwe, na mafua ya Mbeya usimpelekee

Mgeni akishuka basi Tukuyu, huku Rungwe mkoani Mbeya, na begi mgongoni, haipiti saa moja kabla hajauliza: "Kaka, huku msituni kwenu sokwe wanaonekana?" Ukimdodosa, anamaanisha gorila. Sokwe ni yule wa Gombe na Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika. Gorila ni mnyama mwingine, mkubwa zaidi, na Tanzania nzima hatuna wa porini hata mmoja. Gorila wa milimani wanaishi msitu wa Bwindi, Uganda, na kwenye safu ya Virunga ambako Uganda, Rwanda na Kongo zinapakana. Hesabu iliyotolewa 2019 iliwapata 1,063. Ni wachache, ila wameongezeka.

Rungwe tuna kipunji, na wageni wengi hawamjui. Ni kima wa kahawia mwenye nywele zilizosimama utosini. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja kwa jina hilo hilo, watafiti wakadhani ni mnyama wa hadithi, mpaka walipomwona 2003. Vinasaba vikaonyesha undugu wake wa karibu ni na nyani.

Turudi kwa gorila. "Anakula watu," nimeambiwa hivyo na mtu mzima kabisa. Chakula chake ni majani, mashina laini, machipukizi ya mianzi, na mara mojamoja wadudu. Mtu wa Tukuyu atacheka akisikia hili: gorila wakitoka Bwindi kuingia mashambani, wanachopasua zaidi ni mgomba wenyewe, wapate kile kiini chenye maji. Na dume akijipiga kifua, mara nyingi anajitangaza au anatisha tu. Anayeharibu mambo ni mtu anayekimbia. Unachuchumaa, unainamisha macho, unamsikiliza askari wa hifadhi anayewaongoza.

Kuhusu kupanda mlima kumfuata gorila, hapo watu wa huku tunajionea huruma bure. Mbeya mjini tayari uko kama mita 1,700, kilele cha Rungwe kinakaribia 3,000, na sehemu ya juu kabisa ya Bwindi ni 2,607. Kinachochosha kule ni utelezi, miti iliyofungamana na majani yanayowasha, kwa saa moja au kutwa nzima, kutegemea familia ya gorila imelala wapi.

Bei ya kibali cha kumwona gorila nayo hutajwa nusunusu. Rwanda mgeni hulipa dola 1,500 na Uganda 800, ndiyo maana watu wanasema ni mambo ya Wazungu. Lakini Uganda ina bei ya raia wa Afrika Mashariki, ya chini kwa mbali. Beba pasi yako, na wakala asikukatie kibali cha mgeni wa mbali.

Ila dhana inayoniudhi kuliko zote ni hii: "Nimelipa, lazima nimwone." Gorila ni ndugu yetu wa karibu kiasi kwamba mafua yetu yanampata, na kwake yanaweza kugeuka nimonia ikaua. Ndiyo sababu familia moja hupokea watu wanane tu kwa siku, kwa saa moja, umri usiopungua miaka 15, barakoa usoni na umbali wa mita kumi hivi. Ukionekana unaumwa asubuhi ile, unabaki kambini.

Sasa tazama kalenda. Msimu mzuri wa safari hiyo huanzia Juni, njia zikiwa zimekauka. Juni hiyo hiyo ndiyo baridi ya Mbeya inapobana: kwenye daladala ya Uyole kila kiti kinakohoa, na watoto wanaenda shule wamevaa masweta mawili. Anayetoka huku akapita moja kwa moja hadi Bwindi huenda akafika na kikohozi. Mimi ningechukua kibali cha Agosti. Kama umeshalipia Juni, wiki mbili za mwisho kabla ya safari panda daladala ukiwa na barakoa, wakucheke tu.